Bando la mnazi

Bango langu la kwanza la kejeli nililibandika kwenye ukuta wa kijiwe cha bodaboda jirani na ninapoishi, Kunduchi, pembezoni mwa Dar es Salaam, baada ya kuomba ruhusa kwa kiongozi wa kijiwe. Lilikuwa na mnazi mmoja mrefu, uliochorwa na kompyuta kwa kanuni nilizoziandika mwenyewe, na pale ambapo jicho lilitarajia kukuta makole ya madafu nilikuwa nimetundika antena za mnara wa simu, zile ndefu nyeupe zinazofanana na mito ya kulalia iliyosimamishwa wima. Chini yake niliandika kwa herufi nene na safi: "Mnazi wetu hauna msimu." Nikasimama pembeni nikijifanya nasubiri usafiri, ili nione watu watakavyocheka. Kijana mmoja akazima pikipiki, akavua kofia ngumu, akalitazama bango kwa makini, kisha akaniuliza kwa adabu zote: "Dada, hilo bando la mnazi ni bei gani kwa wiki?"

Nilicheka, lakini kwa aibu, kwa sababu kosa halikuwa lake. Kila alichokiona pale kilimwambia kwamba hilo ni tangazo la kampuni ya simu: picha moja kubwa katikati, rangi ya kung'aa, sentensi fupi ya kujisifu, nafasi nyeupe ya kutosha pembeni. Nilikuwa nimeiga lugha ya matangazo kwa bidii kubwa hata nikasahau kuacha ufa ambao mtu angeweza kuchungulia na kuiona dhihaka. Kwa gharama zangu mwenyewe nilikuwa nimewafanyia kazi ya bure wale wale niliotaka kuwasema. Jioni nikalibandua, nikalikunja, nikarudi nalo nyumbani.

Wazo lenyewe silikulitoa hewani. Katika miji mbalimbali duniani, Nairobi ikiwa mojawapo, iko minara ya simu iliyovikwa majani ya plastiki ili ifanane na miti ya jamii ya mnazi, eti isichukize macho. Mtu akiiona kwa mbali anaweza kudanganyika, ila akiisogelea anakuta shina la chuma lisilo na hata kovu moja la kuti lililodondoka. Mimi sina ugomvi na mnara. Natumia simu kama kila mtu, na yule kijana wa bodaboda anapokea nauli kwa simu, hivyo kumcheka kwa kuhitaji mtandao ingekuwa ni kumwonea. Kilichonichekesha ni lile vazi. Tunakata mti wenye kivuli, tunasimamisha chuma, halafu tunaona haya, tunakivisha chuma nguo za mti. Ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba kejeli yangu ilipaswa kulenga hiyo haya, nayo simu niiache na shughuli zake.

Pengine nieleze kazi hii inavyofanyika, kwa kuwa wengi wakisikia kwamba kompyuta imechora hudhani kuna kitufe mtu anabonyeza. Usanifu zalishi ni kuandika kanuni badala ya kuchora picha. Msanifu anaiambia kompyuta mti unaanza vipi, unakua kwa hatua zipi, wapi nasibu, yaani bahati isiyopangwa, iruhusiwe kuingia na kwa kiasi gani, kisha anaiacha kanuni izae picha moja, au mia, au elfu kumi, zote zikiwa ndugu na hakuna mbili zilizo sawa. Mimi natumia Processing, programu iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry walipokuwa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, kwa nia ya kuwafundisha wasanii kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, pamoja na ndugu yake p5.js, iliyoanzishwa na Lauren McCarthy na inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Zote mbili ni za bure, na kwangu hilo halikuwa jambo dogo, maana sikuwa na fedha ya kulipia leseni ya programu yoyote.

Kanuni ya kwanza niliyojifunza ni ya Aristid Lindenmayer, mwanabiolojia mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Mwaka 1968 alipendekeza namna ya kueleza ukuaji wa mimea sahili kwa herufi. Chukua herufi A. Kila hatua, A igeuke AB, na B igeuke A. Hatua ya kwanza utapata AB, ya pili ABA, ya tatu ABAAB, ya nne ABAABABA. Ukihesabu herufi, unapata 2, 3, 5, 8, na hatua inayofuata itakupa 13, kila idadi ikiwa ni jumla ya mbili zilizotangulia. Nilifanya hesabu hiyo kwa kalamu nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani, chini ya bei ya mkaa na unga, na nakumbuka nilivyoshtuka kuona sentensi mbili fupi kiasi kile zikiota kama kitu kilicho hai. Herufi zile ukizipa maana ya "nenda mbele", "pinda kulia", "anza tawi", unapata mwembe, unapata mkoko, unapata kichaka chochote unachokitaka.

Mnazi, hata hivyo, hautoi matawi, na hapo ndipo mabango yangu yalipoanza kunifundisha. Kanuni ya matawi haikunisaidia kitu. Nililazimika kukaa kibarazani na kuutazama mnazi wa jirani kwa wiki kadhaa, nikiwa na daftari, kama mtu aliyetumwa kuupeleleza. Mnazi una mahali pamoja tu pa kukulia, juu kabisa, na kutoka hapo kuti jipya huchomoza moja baada ya jingine, takribani moja kwa mwezi mti ukiwa na afya. Kuti changa husimama wima kama mkuki. Lenye miezi kadhaa huanza kulala pembeni. Lililozeeka hushuka chini ya usawa wa bega la mti, rangi ikigeuka manjano, kisha kahawia, na siku moja usiku huanguka kwa kishindo kinachowaamsha mbwa, likiacha kovu lenye umbo la pete kwenye shina. Kwa hiyo kilele cha mnazi ni kalenda. Ukiutazama unaona miezi mingi kwa wakati mmoja, ujana na uzee vikining'inia mahali pamoja.

Nilipoirudia programu yangu baada ya hapo, niliona kosa lililokuwa wazi tangu mwanzo. Makuti yangu yote yalikuwa na umri mmoja. Yalikuwa yamepangwa kwa duara, yenye urefu mmoja, kijani kimoja, mpindo mmoja, na hiyo ndiyo sababu mnazi wangu ulionekana wa plastiki hata kabla sijauwekea antena. Nilijilaumu kwa siku mbili hivi, kisha nikatanabahi kwamba kosa langu ndilo kosa la wale waliotengeneza mnara uliovikwa majani. Wao pia walisahau uzee. Mti wao hauna kuti bichi lililosimama wala kuti kavu linalosubiri kuanguka, maana kiwandani majani yote huzaliwa siku moja na hakuna anayelipia jani lililokauka. Nikaandika kigezo kimoja kipya kwenye programu, nikakiita "umri". Kikiwa juu, makuti yanatofautiana kama yanavyotofautiana kwa jirani yangu. Kikishuka hadi sifuri, makuti yote yanakuwa rika moja. Dhihaka yote ikahamia ndani ya namba hiyo moja, na antena zikabaki kuwa mapambo tu.

Nilijaribu pia, nikiri, zile programu za akili mnemba zinazochora kwa kuagizwa maneno. Niliomba mnazi wa Kunduchi nikaletewa machweo mekundu, mbuyu, na twiga kwa mbali, kana kwamba twiga huja kunywa maji ya chumvi huku kwetu. Niliporekebisha maneno, twiga akaondoka lakini machweo yakabaki. Picha zilikuwa nzuri, tena nzuri sana, ila hapakuwa na mahali pa kushika kigezo cha umri na kukizungusha taratibu, na bila hicho sikuwa na la kusema. Niliziacha.

Jambo la pili lililonichukua muda ni upepo. Nasibu ya kawaida ya kompyuta haina kumbukumbu: namba moja haijui ile iliyoitangulia, na makuti yakifuata nasibu ya aina hiyo yanatawanyika kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Ken Perlin, Mmarekani, alichapisha mwaka 1985 namna ya kuzalisha nasibu yenye kumbukumbu, ambayo namba jirani zinafanana kidogo na mabadiliko huja polepole, na filamu nyingi zenye moshi, mawingu na milima ya kompyuta zinaitegemea. Nilipoitumia kwenye makuti, shamba zima likainama upande mmoja, kila mnazi kwa namna yake, kama tunavyouona wakati wa kusi. Kisha nikafanya makusudi: kadiri umri ulivyoshuka, na upepo nao nikaupunguza, hadi ile miti ya mwisho ya bango langu la pili, nitakalolieleza hivi punde, ikawa imesimama tuli huku ya mwanzo ikipigwa na kusi. Watu wengi hawakuligundua hilo moja kwa moja. Walisema tu kwamba chini ya bango "hewa imeisha", na neno hilo lilinifurahisha kuliko sifa yoyote.

Umbo la bango la pili lilitokana na kushindwa kwa la kwanza. Mnazi mmoja mkubwa ni tangazo. Sasa nilitaka minazi mingi. Nikaipanga 108, safu 12 zenye minazi 9 kila moja. Wa kwanza, juu kushoto, ni mnazi halali wenye madafu, kuti kavu na upepo. Wa mwisho, chini kulia, ni mnara. Kati yao kigezo cha umri kinashuka kidogo kidogo, dafu moja moja linageuka antena, na makovu ya shina yanafutika. Hakuna mahali unapoweza kuweka kidole ukasema hapa ndipo mnazi ulipokoma. Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kuamua kama kazi inahitaji kompyuta: kama kejeli inakaa katika picha moja, naichora kwa mkono, tena mkono unachora kwa uhai zaidi; kama kejeli inakaa katika wingi na katika hatua ndogo zisizoonekana, hapo ndipo naiandikia kanuni. Wakati nikianza nilitumia kanuni kwa kila kitu, kwa sababu tu nilikuwa nimejifunza, kama mtoto aliyepewa nyundo.

Maneno nayo yalinisumbua kuliko nilivyotarajia. Niliandika sentensi nyingi za kuchekesha na zote zilikuwa za kitangazo. Ufumbuzi niliupata kabatini kwa mama. Kanga ina mji katikati, ina pindo linaloizunguka, na ina jina, yaani yale maneno yaliyo ndani ya kisanduku chini ya mji, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mtu wa pwani akiona maneno katika kisanduku cha namna hiyo, kwa herufi kubwa zisizo na mbwembwe, hasomi tu. Anajiuliza papo hapo yanamsema nani. Hakuna aliyefundishwa hivyo shuleni. Nikalivika bango pindo, pindo lenyewe likizalishwa na kanuni ile ile ya herufi A na B niliyoianzia daftarini, nikaweka kisanduku, na ndani yake nikaandika: KIVULI HAKUNA, MTANDAO UPO. Maneno yale yale ningeyaweka kwenye bango la kwanza yangesomeka kama kampuni inajigamba. Ndani ya pindo la kanga yakawa mafumbo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza bei.

Nimetaja nasibu mara kadhaa bila kueleza mbegu, ambayo ndiyo iliyonitoa machozi. Nasibu ya kompyuta si nasibu ya kweli. Inaanza na namba moja, nayo kwa Kiswahili tunaiita mbegu bila kulazimisha, na ukiipanda mbegu ile ile katika programu ile ile utavuna picha ile ile, hata baada ya miaka. Mimi nilikuwa naiachia programu ichukue mbegu kwenye saa ya kompyuta, kwa uvivu, na naziangalia picha zikipita moja baada ya nyingine. Usiku mmoja ikatokea moja ambayo katika safu ya saba mnazi mmoja ulikuwa umeinamia mwenzake kana kwamba unamnong'oneza, na yule wa kando alikuwa tayari na antena mbili. Sikuwa nimeupanga unong'ono huo. Nilinyanyuka kwenda kumwita mdogo wangu aje aone, na kabla hatujarudi umeme ukakatika, na betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa siku nyingi. Nilizalisha picha zaidi ya mia nne baada ya hapo nikiutafuta. Sijauona tena.

Usiku ule wa giza, kwa hasira, niliwasha kibatari nikaendelea kwa kete ya ludo na karatasi: ikitoka moja kuti linalala, ikitoka sita dafu linageuka antena. Baadaye nilisoma kwamba Vera Molnár, msanii aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kuishi Paris hadi alipofariki mwaka 2023, alifanya kitu cha namna hiyo kuanzia mwaka 1959. Alijiwekea kanuni akazitekeleza kwa mkono kana kwamba yeye ndiye mashine, miaka kadhaa kabla ya kupata kompyuta mwaka 1968. Nilifarijika. Michoro ya kete nilipoikagua asubuhi iliniambia pia kwamba nilikuwa nageuza madafu kwa kasi mno, maana mkono unachoka na kuchoka huko kunakufanya uulize kama kila mstari unahitajika, jambo ambalo kompyuta haiulizi kamwe. Nikapunguza. Na tangu hapo kila picha ninayoihifadhi inaandikwa mbegu yake kwenye jina la faili.

Kuhusu uchapaji nitasema machache, kwa kuwa kila aliyewahi kupeleka kazi Kariakoo anajua. Kijani cha kwenye kioo hakichapishiki. Kioo kinatoa mwanga na wino unaunyonya, hivyo makuti yangu yaliyong'aa yalitoka kama mchicha uliolala. Mara ya pili nilipeleka faili la vekta, lile linalohifadhi picha kama mistari, lenye mistari mingi kiasi kwamba kompyuta ya dukani iliganda, na kijana wa pale akaniambia, bila kunitazama, "Dada, faili lako limeua mashine, na kuna watu wanasubiri kadi za harusi." Ilinibidi nigeuze picha kuwa ya pikseli, yaani vidoti vya rangi, 4,961 kwa 7,016, ambazo ndizo zinazohitajika kwa karatasi ya A2 yenye ubora wa kuchapwa. Rangi niliimaliza kwa kuiacha. Nikabaki na nyekundu na nyeusi juu ya karatasi nyeupe, rangi za kisutu, ile kanga ya jadi, ambazo hata wino mbaya hauziharibu. Uamuzi huo ulitokana na umaskini, lakini sasa hata nikilipwa siwezi kurudi kwenye kijani, kwa sababu kijani ndiyo rangi ambayo kila tangazo huivaa linapotaka kujifanya rafiki wa miti.

Kati ya bango hilo na jingine lililofuata ipo fedheha moja ambayo siwezi kuiruka. Nilitaka kuichora mikoko, maana sehemu za ufuko wetu zenye tope bado zina mikoko, na kila maji yakipwa unakuta kwenye mizizi yake waya, vifuniko vya simu na chaja zilizokufa. Kanuni ya matawi hapa ilifaa, na nilijivunia sana mizizi yangu. Nikampelekea mzee mmoja mvuvi aione, tukiwa chini ya chombo chake alichokuwa akikikalafati. Baada ya shikamoo na marahaba aliikunjua karatasi juu ya goti, akaitazama kwa muda, akapitisha kidole chenye mafuta ya sifa juu ya mti mmoja. "Mwanangu," akasema, "hii inayokwenda kama miguu ya kaa ni mizizi ya mkoko. Hii inayochomoza kwenye tope kama kalamu ni ya mchu. Wewe umempa mmoja mizizi ya mwenzake." Chaja hakuziona kabisa, ingawa zilikuwa zaidi ya hamsini. Nilipomwonyesha alisema, "Aa, na hizi nazo," kwa sauti ya mtu anayemliwaza mgeni.

Nilirudi nyumbani nikalifuta faili lote. Mtu anayeijua miti anapokuta mti umekosewa, macho yake yanashughulika na kosa, na kejeli haipati nafasi. Wala hawezi kuniamini ninapomwambia kwamba teknolojia inaidharau pwani ilhali mimi mwenyewe sijaitazama. Nilianza upya na mchu peke yake. Mizizi yake ya kupumulia hunyooka juu kutoka kwenye tope, mamia kwa mamia, kwa kuwa tope halina hewa ya kutosha, na ndiyo pua ya mti. Nikaizalisha mingi, nikaitawanya kwa nasibu yenye kumbukumbu ili isonge karibu na shina na ipungue kadiri inavyoenda mbali, na mmoja katika kila arobaini nikaugeuza kuwa ncha ya chaja inayochungulia juu ya tope. Kwa mbali huoni kitu. Jina la kanga nililoweka ni HATA MCHU UNATAFUTA CHAJI. Yule mzee nilipompelekea hili alihesabu chaja zilizomo kwa kidole, moja baada ya nyingine, akapata tisa katika robo ya chini, kisha akaniuliza kama naweza kumpa nakala ya kumwonyesha mkwewe anayetupa takataka majini.

Bango la minazi 108 nilichapisha nakala 60. Moja nililirudisha kwenye ukuta ule ule wa kijiwe. Yule kijana wa bando alikuwepo, na wenzake wanne, na kwa nusu saa walibishana ni mnazi wa ngapi ambao si mnazi tena. Mmoja alisema ni ule wa kwanza wenye antena. Mwingine akakataa kata kata, akasema huo bado una kuti kavu, na mti wenye kuti kavu ni mti, antena umetundikiwa tu kama watu wanavyotundika bendera za mpira. Nilitamani nimkumbatie. Wa tatu alisema yeye hajali, ilimradi mtandao upatikane hadi Mbweni, na hakuna aliyeweza kumjibu, mimi nikiwa mmoja wao.

Nakala nyingine niliipeleka Bagamoyo nilipokwenda kwenye msiba, na baada ya maziko nikamwonyesha mjomba wangu, ambaye amekuwa mkwezi tangu ujana wake na ambaye visigino vyake vina sugu za kamba hadi leo. Aliiweka mkekani, akaipitia safu kwa safu kama mtu anayekagua shamba analotaka kulinunua. Kwenye minara hakusimama hata kidogo. Alisimama kwenye safu ya nne, mnazi wa sita, akauelekeza kidole. "Huu umeliwa na chonga," akasema.

Niliinama kuangalia. Chonga ni mdudu mweusi mwenye pembe, anayetoboa kilele cha mnazi na kula makuti yakiwa bado yamekunjika ndani, hivyo kuti likija kufunguka baadaye linakuwa na mikato ya pembetatu kama lililokatwa kwa mkasi. Mnazi ule wa sita ulikuwa na mikato hiyo kwenye makuti mawili. Sikuwa nimeiandika mimi. Usiku huo niliifungua programu nikapata chanzo chake: kwenye hesabu ya urefu wa majani madogo yanayopanga uti wa kuti, namba ya nasibu ikishuka chini ya sifuri programu inayaruka majani hayo, na pengo linalobaki lina umbo la pembetatu. Lilikuwa kosa, na linasahihishwa kwa mstari mmoja.

Nilipomwambia mjomba kwamba ni kosa la hesabu, na kwamba nakala zijazo hazitakuwa nalo, alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la kitoto. "Sasa ukiutoa," akauliza, "shamba gani hilo halina chonga?" Mstari sikuusahihisha. Mbegu ya bango hilo ni 2207, na nimeiandika kwa penseli nyuma ya kila nakala iliyobaki.